Usiku mmoja na wavuvi wa Masinga

Ukitaja Masinga mbele ya Mkenya yeyote, jambo la kwanza litakalomjia akilini ni umeme. Si kosa lake. Bwawa hilo lilipokamilika mwaka wa 1981, kazi yake kubwa ilikuwa kuyahifadhi maji ya Mto Tana wakati wa mvua na kuyatoa kwa kipimo wakati wa kiangazi, ili mitambo iliyo chini yake huko Kamburu, Gitaru na Kindaruma, na baadaye Kiambere, isikose maji. Masinga yenyewe ina mitambo ya kutoa megawati 40. Lakini mimi sikwenda huko kutazama mitambo. Nilikwenda kumtazama mtu ambaye katika hesabu za bwawa hilo hatajwi sana, naye ni mvuvi.

Nilipanda matatu kutoka Thika, tukapita Matuu, kisha nikaiacha barabara ya Garissa na kushika njia ya vumbi. Jua lilikuwa kali na migunga haikuwa na kivuli cha kutosha hata mbuzi mmoja. Ghafla, nilipofika juu ya kilima, niliyaona maji. Bwawa likijaa huwa na eneo la kilomita mraba 120 hivi. Upande niliosimama ni Machakos, na ng'ambo, mbali, ni nchi ya Wambeere katika Embu.

Mwenyeji wangu, mzee wa miaka sabini na kitu, nilimkuta ufuoni akishona wavu.

"Habari ya hapa, mzee?"

"Njema, mwanangu. Karibu, vuta jiwe ukae."

Kwa umri wake ungedhani alizaliwa mtumbwini. Kumbe sivyo! Mzee huyu ni Mkamba, mtoto wa wafugaji na wakulima wa mtama. Aliniambia kwamba utotoni mwake Tana ulikuwa mto wa kunyweshea ng'ombe na wa kuogopewa kwa sababu ya mamba. Samaki hakuwa chakula cha nyumbani kwao.

"Mama yangu alikataa kata kata sufuria yake ipikiwe samaki," alisema akicheka. "Nilipika nje, chini ya mti, kama mwizi."

Waliomfunza kazi ni wavuvi Wajaluo waliotoka pande za Ziwa Viktoria baada ya bwawa kujaa. Kwao alijifunza kupiga kasia, kutega wavu na kumpasua samaki mgongoni ili akauke vizuri. Hata jina analolitumia kwa tilapia ni lao: ngege. Kambare naye humwita mumi. Leo, mzee alisema, wajukuu zake wakikosa ngege wiki nzima hunung'unika.

Wakati wa kutega

Jioni tulitoka watu watatu: mzee, mjukuu wake na mimi. Kijana huyo yuko kidato cha tatu, lakini siku hiyo alikuwa nyumbani kwa sababu ya karo. Alipiga kasia bila kusema neno. Mzee aliuteremsha wavu polepole, huku maboya yakielea kwa mstari. Hakuwa mbali na ufuo, kwani ngege hupenda maji ya kina kifupi. Hata hivyo alikuwa akiyatazama maji kila mara. Masinga ina viboko na mamba, na mvuvi anayesahau hilo huenda asipate nafasi ya kulikumbuka.

Usiku tulilala kwenye kibanda cha nyasi. Kijana aliponiona macho aliniambia lililokuwa moyoni mwake. Wenzake wengine, alisema, wana nyavu za macho madogo ambazo hutegwa kwa siri. Asubuhi hurudi na ndoo zilizojaa. Mmoja wao alikuwa ameahidi kumwazima wavu kama huo. Kwa usiku tatu au nne angelipata karo.

"Umemwambia babu?" nilimuuliza.

"Nitamwambia kesho."

Alfajiri tuliuvuta wavu. Walitoka ngege saba na mumi wawili. Basi. Kijana aliwahesabu mara mbili, kana kwamba wangeongezeka.

"Babu, samaki tisa," alisema. "Wenzetu wana ndoo mbili. Kwa nini sisi tusitumie wavu mdogo, hata kwa wiki moja tu?"

Mzee hakumjibu. Alikuwa akimtoa ngege wa mwisho wavuni. Samaki huyo alifungua kinywa, na kikamiminika kitu kama punje za mtama zenye macho. Nilisogea kutazama. Vilikuwa vifaranga, vidogo mno, vikirukaruka ndani ya maji machache yaliyokuwa chini ya mtumbwi.

Mama na watoto kinywani

Wengi wetu tunaokula ngege hatujui jinsi anavyolea. Dume huchimba shimo la mviringo katika matope ya maji mafupi, na jike huja kutaga hapo. Kisha jike huyachukua mayai kinywani, na hata yakiangua huendelea kuwahifadhi watoto humo mpaka waweze kujitegemea. Anaponaswa wavuni huwatema. Basi anayemvua mama wakati huo amevua ukoo mzima.

Mzee alichota maji kwa kopo, akavizoa vifaranga na kuvimwaga bwawani, ingawa alijua kwamba bila mama wengi wao wangeliwa kabla ya jua kupanda.

"Umemwona huyu?" alimwambia mjukuu wake. "Wavu wangu ni wa inchi nne. Umemkamata akiwa mkubwa, na pengine amekwisha kuzaa mara kadhaa. Wavu huo wako wa inchi mbili ungalimkamata kabla hajazaa hata mara moja. Mwaka ujao ungevua nini? Maji?"

Kijana aliinama. Nami niliona kwamba hakuwa ameshindwa kwa hoja. Karo ilikuwa bado ni karo.

Tulipokuwa tukirudi ufuoni mzee alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Ziwa la Mungu, alisema, hupanda na kushuka kwa mvua na jua. Bwawa la umeme hupanda na kushuka pia kwa amri ya watu walio mbali. Maji yakifunguliwa mengi, ufuo hurudi nyuma, na yale mashimo ya ngege hubaki juu, nchi kavu, yakipasuka kwa jua. Mwaka wa 2009, ukame ulipozidi, maji yalipungua hata mitambo ya Masinga ikafungwa kwa muda. Mwaka wa 2024, mvua kubwa iliponyesha, bwawa lilijaa mpaka likafurika. Na kila mvua inayonyesha huleta udongo uliochukuliwa na mito kutoka mashamba ya milimani, ukatulia chini na kulipunguza bwawa kidogo kidogo.

"Mvua si yangu," mzee alisema. "Maji ya umeme si yangu. Udongo wa watu wa juu si wangu. Kilicho changu hapa ni jicho la wavu. Nikiliharibu hilo pia, nitamlaumu nani?"

Ufuoni mama mmoja mchuuzi alikuwa akingoja na beseni yake. Aliwanunua ngege watano na mumi wote wawili baada ya kubishana bei kwa muda mrefu, kama kawaida. Mimi nilimnunua ngege mmoja. Mmoja aliyebaki ulikuwa mboga ya nyumbani. Mzee alizihesabu pesa, akazifunga katika kitambaa, kisha akamwita mjukuu wake.

"Nenda zizini ukamfungue yule beberu mwekundu. Siku ya soko tutampeleka."

Kijana alisimama kidogo. Nilijua, na bila shaka yeye alijua zaidi, kwamba mzee alikuwa akimpenda beberu huyo.

"Babu, tungengoja wiki moja..."

"Mbuzi atazaliwa mwingine," mzee alimkatiza. "Nenda."

Niliondoka mchana. Nilipogeuka kutazama nyuma, kijana alikuwa amekwisha kurudi kutoka zizini, naye ameketi kando ya babu yake akishona upande wa pili wa wavu ule ule wa inchi nne. Juu ya vilima niliziona nyaya za umeme zikielekea mijini. Ndugu msomaji, utakapowasha taa jioni ya leo, kumbuka kwamba huenda maji yaliyoiwasha yamepita kwanza juu ya shimo la ngege, na kwamba kuna mzee mmoja ufuoni anayekesha akiyatazama yanavyoshuka.