Sentimita za gazeti, mamilioni ya kufikirika

Katika ofisi nyingi za uhusiano wa umma, ripoti ya robo mwaka bado hutengenezwa hivi: vipande vya magazeti vinakusanywa, kila habari inapimwa kwa sentimita na safu, kisha eneo lake linazidishwa kwa bei ya tangazo ya gazeti hilo. Tuseme habari imechukua nusu ukurasa, na tangazo la ukubwa huo ni Sh3 milioni. Ripoti itaandika kwamba kampuni imevuna Sh3 milioni. Wapo wanaozidisha tena mara tatu, kwa hoja kwamba msomaji huamini habari kuliko tangazo, na hapo habari moja inakuwa Sh9 milioni ambazo hakuna mhasibu atakayeziona benki.

Kipimo hicho hujulikana kwa herufi AVE. Mwaka 2010 wataalamu wa upimaji wa mawasiliano, waliokutanishwa Barcelona na chama chao cha kimataifa, AMEC, walipitisha kanuni saba, na mojawapo ikatamka wazi kwamba AVE si thamani ya uhusiano wa umma. Kanuni zilirekebishwa 2015 na 2020, msimamo huo ukabaki palepale. Mwaka 2017 chama cha wanataaluma cha Uingereza, CIPR, kilitangaza kwamba mwanachama atakayeendelea kutumia AVE anaweza kuchukuliwa hatua za nidhamu.

Kwa nini basi kipimo hicho hakijafa? Kwanza, kinazungumza kwa shilingi. Ofisa uhusiano huingia kwenye kikao cha bajeti akikaa kando ya mkuu wa mauzo mwenye takwimu za mapato. Akisema wananchi sasa wanaliamini zaidi shirika, ataulizwa kiasi gani. Akisema Sh90 milioni, kikao kinasonga mbele. Najua shinikizo hilo ni la kweli, na wengi wanaolikubali wanafahamu fika kwamba tarakimu ile haina mguu.

Pili, kipimo cha kweli huanza kabla ya kampeni. Huwezi kujua watu wamebadilika kama hukuwauliza mwanzoni walikuwa wakifikiri nini. Utafiti wa namna hiyo unahitaji fedha, na fedha zenyewe hazimo kwenye bajeti. Hukumbukwa kampeni ikishakwisha, wakati kilichobaki ni kuhesabu vipande vya magazeti.

Kinachonisikitisha zaidi ni kile ambacho hesabu hii haikioni. Habari ya kashfa iliyojaza ukurasa wa mbele, kwa sentimita, ina thamani kubwa kuliko habari njema ya ukurasa wa tisa. Habari iliyoandikwa baada ya mwandishi kupewa bahasha inahesabiwa sawa na ile aliyoifuata mwenyewe kwa sababu ina uzito. Na ofisa aliyemshauri mkurugenzi asitoe kauli ambayo ingewaudhi wananchi, akaliepusha shirika na mgogoro, anapata sifuri, kwani hakuna kilichoandikwa. Hiyo ndiyo kazi bora kabisa ya taaluma hii, na kipimo chake kikuu hakiitambui.

Fikiria mamlaka ya maji inayohimiza wateja walipe ankara kwa wakati. Takwimu inayohitajika imo tayari katika idara yake ya fedha: ni wangapi walilipa kabla ya kukatiwa huduma, mwezi mmoja kabla ya kampeni na mwezi mmoja baada yake. Bado itabidi kuangalia kama bei ilibadilika au kama kulikuwa na operesheni ya kukata maji, lakini huo ni mjadala wa maana. Ofisa uhusiano anahitaji tu kuvuka korido na kuomba takwimu hizo.

Mara nyingi mlango wa kipimo cha kweli hufungwa mapema zaidi, kwenye zabuni. Hadidu za rejea zikidai ripoti ya AVE, wakala wa uhusiano wa umma ataileta, maana ndiyo inayomlipa. Kifungu hicho huandikwa na mteja, si na wakala, na mteja anaweza kukifuta kabla zabuni ijayo haijatangazwa.