Kubadili Springi na Gia za Pikapu ya Zamani

Katika nchi yetu bado yako magari ya Land Rover ya zamani ambayo wenyewe hawako tayari kuyaacha, hasa zile pikapu ndefu zenye inchi 109 baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Aina ya pili ilitoka mwaka 1958, na aina ya tatu ilitengenezwa tangu mwaka 1971 hadi mwaka 1985. Bodi yake haioti kutu kama chuma, na fundi hodari aweza kuifungua yote kwa spana chini ya mti. Lakini ni gari gumu na la polepole. Ndiyo sababu watu wengi hutaka springi zake ziwe bora na mwendo wake uongezeke.

Kazi hiyo yawezekana, na imefanywa mara nyingi. Lakini yafaa ieleweke mapema kwamba viungo vya gari vimefungamana kama viungo vya mwili. Ukibadili kimoja, jirani yake hupata taabu, na gharama ya kutojua jambo hili yaweza kuwa maisha ya mtu.

SPRINGI

Springi za gari hili ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, marefu juu na mafupi chini. Gari likipita penye shimo, mabamba hupinda na kusuguana, na msuguano huo husaidia kutuliza mrusho. Kutu ikiingia kati yao hushikamana, na springi huwa kama gogo. Kwa hiyo, kabla ya kununua kitu chochote, fungua springi, sugua kutu, paka grisi, na ubadili bushi zilizokwisha. Mara nyingi mwenye gari huona kuwa hayo yalitosha.

Wako watu waongezao mabamba ili wabebe mzigo mkubwa zaidi. Springi itabeba, lakini uzito haupotei. Huangukia fremu, ekseli na breki, ambazo hazikuongezwa nguvu. Tena gari likiwa tupu, magurudumu ya nyuma hurukaruka, na gurudumu lililo hewani halina breki.

Siku hizi zapatikana springi zenye mabamba mawili au matatu tu, manene katikati na membamba kuelekea miishoni, ambayo hayasuguani katika urefu wake. Hizi hulainisha mwendo sana. Lakini kwa kuwa msuguano umepungua, lazima zifungwe pamoja na shokomzoba zilizo nzuri. Vinginevyo gari litabembea kama mashua kila lipitapo tuta.

Jambo la hatari zaidi ni kuinua gari kupita kiasi. Shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli huinama kwa pembe kali, na viungo vyake huisha upesi. Mipira ya mafuta ya breki huvutwa, na yaweza kukatika ekseli inaposhuka. Ekseli ya mbele ikilala vibaya, usukani hauwezi kujirudisha wenyewe baada ya kona. Juu ya hayo, gari refu hupinduka upesi kuliko fupi. Wala bamba la springi lisichomelewe wala kutiwa motoni ili lipindwe upya, maana chuma hicho hupoteza ugumu wake, na siku moja huvunjika njiani.

GIA NA DIFU

Katika difu ya asili ya magari haya, shafti huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Hiyo hulipa gari nguvu ya kupanda mlima na kutoka matopeni, lakini katika barabara ya lami injini hupiga kelele na mwendo ni mdogo. Mafundi waligundua kwamba difu ya Range Rover, gari lililotoka mwaka 1970, yaweza kuingia katika ekseli nyingi za magari haya. Yake ni mara 3.54. Injini ikizunguka vilevile kama kwanza, gari huenda mbele zaidi kwa karibu theluthi moja.

Tazama sasa matokeo yake. Kwanza, difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, lazima zibadilishwe. Mtu akibadili ya nyuma tu, hataona kosa katika lami. Siku atakapoingia matopeni na kuunganisha magurudumu yote manne, ekseli mbili zitashindana, na kitu kitavunjika.

Pili, mshale wa mwendo huendeshwa kutoka kwenye giaboksi, si kwenye gurudumu. Dereva ataona 60, na kumbe anakwenda karibu 80. Kwa mwendo huo, kazi ya breki kulisimamisha gari huwa karibu mara 1.8 ya ile ya kwanza.

Tatu, breki ya mkono ya gari hili hushika shafti nyuma ya giaboksi. Kwa difu mpya, uwezo wake wa kuzuia magurudumu hupungua kwa robo moja. Pikapu iliyosimama mlimani na mzigo, ambayo jana ilitulia, leo yaweza kuteremka yenyewe. Nne, nguvu ya kupanda mlima hupungua kwa robo hiyo hiyo.

Iko njia nyingine: gia ya ziada inayofungwa nyuma ya giaboksi. Hii hupunguza mzunguko wa injini barabarani, na dereva huitoa afikapo mlimani. Difu hubaki za asili, mshale husema kweli, na breki ya mkono haipungukiwi. Kwa mkulima anayetumia gari shambani na barabarani, njia hii yafaa zaidi, mradi mafuta yake yaangaliwe mara kwa mara.

UTARATIBU WA KAZI

Anza na fremu: igonge kwa nyundo ndogo uone kama imeliwa na kutu. Fuata breki zote, kisha usukani, kisha springi. Mwendo uwe jambo la mwisho. Kazi ikiisha, jaribu gari likiwa tupu, halafu likiwa na mzigo, mahali pasipo watu. Kaza tena nati za springi baada ya safari za kwanza. Tena iarifu kampuni ya bima, kwa maana gari lililobadilishwa kwa siri laweza kukuletea mashaka siku ya ajali.

Gari linaloweza kukimbia lakini haliwezi kusimama si gari bora kuliko lile la kwanza. Fundi mwema huuliza kwanza litasimamaje, ndipo aulize litakimbiaje.