Ukuta Uchukuao Mzigo

Katika miji ya kale ya pwani, kama Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, ziko nyumba za mawe ambazo vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Mgeni huweza kudhani ya kuwa waashi wa zamani walipenda kubanana. Sivyo. Dari zao zilichukuliwa na boriti za mikoko, na boriti iliyo nzuri haipatikani ndefu. Basi upana wa chumba haukuzidi sana futi 9, na urefu ukawa wo wote autakao mwenye nyumba.

Mwenye nyumba ya namna hiyo huenda akataka kuvunja ukuta ulio kati ya vyumba viwili, apate ukumbi mpana. Kabla ya nyundo kuinuliwa, hapana budi kujua kama ukuta ule umebeba kitu, au umesimama tu kugawa nafasi. Wengine huugonga kwa ngumi na kusikiliza. Dalili hiyo ni dhaifu, maana lipu iliyobambuka hulia kama ukuta mtupu. Swali lenyewe ni moja: vichwa vya boriti vimelala wapi?

Fundi hutazama juu. Boriti zikienda sambamba na ukuta, yamkini haukuchukua dari; zikiujia kwa vichwa, huo ndio uzibebao. Kama zimefunikwa, hukwangua lipu mpaka mti uonekane. Kisha hupanda ghorofani, kwa kuwa ukuta wa juu ukiwa umesimama juu ya ule wa chini, ule wa chini umeubeba, boriti ziende ziendako.

Mzigo huo si mdogo. Juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe kokoto na chokaa iliyopigwa. Sakafu ya futi 20 kwa futi 9, yenye unene wa inchi 8, ni yapata tani 5. Nusu yake huenda ukuta huu, na nusu ukuta ule. Lakini ukuta wa katikati hupokea vichwa vya boriti za vyumba viwili, nusu ya hiki na nusu ya kile. Kwa hiyo huchukua tani 5 nzima, na kila ghorofa huongeza. Ukuta wa ndani, ambao watu huudharau kwa kuwa ni mwembamba au hauonekani njiani, mara nyingi umebeba kuliko wa nje.

Nyumba ya miti na udongo ni mambo mengine. Paa huchukuliwa na nguzo na mtambaapanya, na udongo ni kiambaza tu. Waweza kubomolewa, mradi nguzo isiguswe.

Ukuta uchukuao ukihitaji mlango, fundi hutia kwanza gadi pande zote mbili. Hutoboa uwazi mdogo, akalaza juu yake mti mnene ambao vichwa vyake vimekaa juu ya mawe mazima. Chokaa hukauka polepole kuliko saruji, kwa hiyo gadi hukaa siku nyingi, na watu wa nyumbani huzipita kwa ubavu.