Sosholojia ni Elimu ya Nini? (1): Nani Aliyeamuru Twende Msibani?

Tuanze na jambo ulilolishuhudia mara nyingi. Mtu amefariki mtaani alfajiri. Kabla ya saa nne asubuhi turubai limekwisha kufungwa na viti vya kukodi vimeshushwa. Wanaume wamekaa nje. Wanawake, khanga viunoni, wako ndani kwenye mikeka. Pembeni kuna meza ndogo, daftari na kalamu: jina la mtu na kiasi alichotoa. Uani masufuria makubwa yamekwisha kuinjikwa, na wanaopika ni majirani ambao juzi tu walikuwa wamenuniana kwa ajili ya maji ya bomba.

Hakuna sheria ya Bunge iliyowaleta watu hawa, wala polisi hatamkamata asiyefika. Hata hivyo, jirani akijifungia ndani siku zote za matanga, adhabu yake ipo, tena anaijua. Siku atakayofiwa yeye, viti vitabaki vitupu. Ndiyo maana mitaani watu husema, nusu utani nusu kweli, kwamba usipozika hutazikwa.

Basi kilichowaleta ni nini? Ukisema ni huruma, baadhi yao hawakumfahamu marehemu hata kwa sura. Ukisema ni dini, Waislamu wamekaa kwenye msiba wa Mkristo, na wiki ijayo itakuwa kinyume chake. Ukisema ni woga, mbona wengi huenda kwa moyo mkunjufu? Ipo nguvu ambayo haimo mfukoni mwa mtu yeyote kati yao, lakini inamwagiza kila mmoja. Elimu inayoichunguza nguvu hiyo ndiyo sosholojia, ambayo wengine huiita elimujamii. Katika makala hizi tatu nitajaribu kueleza ilikotoka, maneno yake ya msingi, na faida yake kwa mtu ambaye hana haja ya shahada.

Si ustawi wa jamii

Kwanza niondoe utata mmoja. Wengi wakisikia "sosholojia" hudhani ni kazi ya afisa ustawi wa jamii. Hizi ni kazi mbili. Afisa ustawi wa jamii humpokea mtoto aliyetelekezwa, humtafutia makazi, huwaita wazazi. Mwanasosholojia huuliza kwa nini watoto wanaotelekezwa ni wengi katika mtaa huu kuliko ule, na kwa nini wameongezeka miaka hii kuliko ile. Ni kama tofauti ya tabibu anayewatibu wagonjwa wa kipindupindu na mtu anayekwenda kukagua kisima. Wanahitajiana, lakini maswali yao si mamoja.

Swali ni la kale kuliko jina

Vitabu vingi huanzia Ufaransa katika karne ya 19. Mimi nitaanzia Afrika Kaskazini, karne tano nyuma. Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332. Akiwa kijana, tauni iliyopita katika miaka ya 1348 na 1349 iliwachukua wazazi wake wote wawili. Baadaye alizitumikia dola kadhaa za Maghrib, akaziona zikiinuka na kuanguka, na yeye mwenyewe akaonja jela. Mwaka 1377, akiwa amejitenga katika ngome ya Qal'at Ibn Salama, iliyo Algeria ya leo, aliandika kitabu chake maarufu, *Muqaddimah*.

Lalamiko lake lilikuwa hili: wanahistoria hunakili habari bila kuzipima. Walioandika kwamba jeshi la Nabii Musa lilikuwa na watu 600,000 hawakujiuliza jeshi kubwa namna hiyo lingepangwaje vitani, wala lingelishwa na nchi gani. Kwa Ibn Khaldun, kabla ya kuamini habari ni lazima ujue jinsi watu wanavyoishi pamoja: riziki yao, makazi yao, utawala wao. Alisema hiyo ni elimu mpya inayojitegemea. Neno alilotumia kuitaja ni lilelile tulilolirithi sisi: *ilm*, elimu.

Wala hakuwa mtu wa kukataa kila ajabu. Katika kitabu hicho anamtaja Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ambaye aliporudi kwao watu walinong'ona kuwa ni mwongo. Ibn Khaldun anaonya kwamba jambo lisikataliwe kwa sababu tu hatujaliona.

Dhana yake kuu ni *asabiyya*, yaani ule mshikamano unaowafanya watu wasimame kama mtu mmoja. Watu wa jangwani, alisema, wanao kwa wingi, maana bila wenzako huko huishi. Mshikamano huo huwawezesha kuuteka mji na kuanzisha dola. Kisha raha ya mji huwalegeza: kizazi cha kwanza kinajua shida, cha pili kinazikumbuka, cha tatu hakizijui kabisa. Dola moja, kwa hesabu yake, huishi takriban vizazi vitatu vya miaka arobaini arobaini. Unaweza kuibishia hesabu hiyo. Kilicho kipya ni kwamba hakusema dola ilianguka kwa sababu mfalme alikuwa mwovu au nyota yake mbaya. Aliitafuta sababu katika namna watu walivyoishi.

Jina linazaliwa Paris

Auguste Comte alizaliwa Montpellier mwaka 1798, miaka tisa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa. Alipofika umri wa miaka 32, nchi yake ilikuwa imepita mikononi mwa jamhuri, Napoléon, wafalme waliorudishwa, kisha mapinduzi mengine ya mwaka 1830. Ng'ambo ya bahari, viwanda vilikuwa vikiwahamisha watu mashambani. Sensa ya mwaka 1851 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wakazi wa England na Wales walikuwa wakiishi mijini. Mtu aliyezaliwa katika kijiji ambako kila mmoja alijua nani ni nani, alijikuta Manchester katikati ya watu asiowajua, akipangiwa maisha na king'ora cha kiwanda.

Hapo ndipo swali la sosholojia lilipowakaa watu kooni. Desturi ikienda sawa haiulizwi. Inaulizwa siku inapokatika: kama mfalme ameondoka, kanisa limetikisika na ukoo umetawanyika, kinachowaweka watu pamoja ni nini?

Comte aliamini kuwa swali hilo lingejibiwa kwa uchunguzi, kama sayansi inavyochunguza mwendo wa nyota. Mwanzoni aliiita elimu hiyo fizikia ya jamii. Lakini mwaka 1835 Adolphe Quetelet, mwanaastronomia wa Ubelgiji aliyependa takwimu, alilitumia jina hilo katika kitabu chake, na Comte akakasirika. Mwaka 1839 akachapisha jina jipya: *sociologie*. Neno lenyewe ni chotara, nusu Kilatini (*socius*, mwenzi), nusu Kigiriki (*logos*, maarifa), na wajuzi wa lugha walilibeza. Wakalibeza, likadumu.

Durkheim na nguvu isiyoonekana

Comte aliiachia elimu hii jina. Aliyeipa kazi ya kufanya ni Émile Durkheim, mtoto wa rabi wa Kiyahudi aliyezaliwa Épinal mwaka 1858. Katika kitabu chake cha mwaka 1895 kuhusu kanuni za sosholojia, alieleza jambo la kijamii kuwa ni namna ya kutenda, kufikiri au kuhisi ambayo iko nje ya mtu mmoja mmoja na ina uwezo wa kumshurutisha. Rudi msibani uone. Desturi ya kwenda kuzika ulizaliwa ukaikuta, na utakufa uiache. Ukiifuata husikii uzito wake. Jaribu kuivunja, ndipo utausikia.

Mwaka 1897 alijaribu dhana hiyo kwa jambo ambalo kila mtu angesema ni siri ya nafsi: kujiua. Mpwa wake, Marcel Mauss, alimsaidia kupanga kumbukumbu za vifo takriban 26,000. Durkheim alionyesha kuwa kila nchi ina kiwango chake, na kiwango hicho hubadilika kidogo tu mwaka hadi mwaka, ingawa wanaokufa ni watu wengine kila mara. Waprotestanti walizidi Wakatoliki. Makapera walizidi waliooa. Kadiri mtu alivyofungamana na wenzake, ndivyo alivyokingika. Hatari iliongezeka pia pale kaida zilipovurugika ghafla, hata kwa neema ya kutajirika haraka. Hali hiyo aliiita anomia. Watafiti waliomfuata walimkosoa: huenda penye aibu kubwa vifo vya aina hiyo viliandikwa kwa jina lingine. Ukosoaji huo ni wa haki. Lakini hoja ya msingi ilikwisha kusimama: hata uchungu wa mtu mmoja una anwani katika jamii yake.

Maneno manne ya kuanzia

Turudi chini ya turubai, tuokote maneno manne.

La kwanza ni *kaida*: yale yanayotarajiwa na wote bila kuandikwa. Hupigi muziki wa sherehe karibu na msiba. Huendi mikono mitupu.

La pili ni *hadhi*: mahali mtu alipo katika mpangilio wa watu. Mfiwa, imamu au mchungaji, mwenyekiti wa mtaa, mkwe, jirani. Nyingine mtu huzaliwa nazo, nyingine huzitafuta.

La tatu ni *dhima*: mwenendo unaotarajiwa kwa mwenye hadhi fulani. Mfano bora ni mtani. Anaweza kuufanyia mzaha msiba, akamwigiza marehemu, akadai apewe chochote ndipo kaburi lichimbwe, na watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Tendo hilohilo likifanywa na mtu mwingine ni tusi lisilosahaulika. Tendo halikubadilika, aliyebadilika ni mtendaji na uhusiano wake na wafiwa.

La nne ni *taasisi*. Hapa hatumaanishi jengo lenye kibao. Ni mkusanyiko wa kaida na dhima uliokomaa ukawa na njia yake ya kudumu: ndoa, dini, shule, soko, na msiba wenyewe. Daftari lile mezani ni kumbukumbu ya taasisi. Jina lako leo ni deni la mwenzio kesho.

Onyo la Du Bois

Elimu hii inaweza kutumiwa vibaya. Wasomi wengi wa karne ya 19 waliyapanga mataifa kama ngazi, sisi Waafrika tukiwekwa chini kabisa. Aliyewajibu kwa uchunguzi ni W.E.B. Du Bois, Mmarekani Mweusi. Alitembea nyumba kwa nyumba katika mtaa mmoja wa watu weusi mjini Philadelphia, akahoji kaya takriban 2,500, na mwaka 1899 akachapisha kitabu kilichoonyesha kuwa ufukara na uhalifu uliosemwa kuwa ni wa asili yao ulitokana na historia ya utumwa na milango ya ajira waliyofungiwa. Alifariki Accra mwaka 1963.

Funzo lake ni la kila siku. Tunaposema "watu wa kule ndivyo walivyo", tumefunga swali kabla ya kulifungua.

Wiki ijayo tutawakaribisha Karl Marx na Max Weber msibani, tuwaulize kwa nini msiba wa tajiri hujaa magari hadi barabara ikafungwa, na wa fukara ukaisha kwa mikeka miwili; na kwa nini mzee asiye na cheo cha serikali akisema "tuondoke", wote huinuka. Kabla ya hapo nakuachia kazi ndogo. Ukienda kuzika safari hii, kaa, toa rambirambi yako, kisha angalia nani anakaa wapi, nani anaongea na nani anakaa kimya, na ujiulize ni nani aliyeamuru hivyo.