Kioo Kinachokataa Maji Hakiui Vijidudu

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu, na kifaa cha aina hiyo kikifika darasani hakina mwenyewe. Mwalimu wa Gehandu, mkoani Manyara, anakishika kwa vidole vyenye chaki, mtoto anaonyeshwa picha naye anagusa, na mwingine ndiyo kwanza amepangusa kamasi. Hapo ndipo wauza dawa za "nano" za kupaka kwenye kioo wanapopata wateja: kioo kikikataa maji, wanasema, vijidudu havikai.

Nusu ya maneno hayo ni kweli. Simu na vishikwambi vingi hutoka kiwandani na utando wa kemikali za jamii ya florini, mwembamba mara maelfu kuliko unywele. Tone la maji likidondoka juu yake halitandai. Linajiviringa, ukingo wake ukisimama kwa pembe ya nyuzi 110 hivi. Jani la gimbi linaushinda utando huo kwa mbali: pembe hupita nyuzi 150, na tone hubiringika likizoa vumbi njiani. Mwaka 1997 Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis, wataalamu wa mimea wa Ujerumani, walieleza siri yake, kwamba jani lina vinundu vidogo mno vyenye nta. Vinundu vya namna hiyo kwenye kioo vingesagwa na vidole upesi, na picha ingeonekana kama ina ukungu.

Lakini kukataa maji si kuua. Mwaka 2020 watafiti wa CSIRO, shirika la sayansi la Australia, waliweka virusi vya korona kwenye kioo gizani: kwa nyuzi joto 20 vilidumu siku 28, kwa nyuzi 40 havikuzidi siku mbili. Ni mazingira ya maabara, sawa, ila nyuzi 20 si ngeni kwa mtu wa Mbulu, huko huko Manyara. Kioo kinachoua kipo; kampuni ya vioo ya Corning ilikitangaza mwaka 2014 kikiwa na madini ya fedha, nacho hufanya kazi taratibu.

Faida ya utando iko kwenye mafuta ya vidole. Vijidudu hujificha humo, na mafuta yasiposhika, kupangusa mara moja kunayaondoa pamoja navyo. Usipopangusa, umelipia bure.

Kiangazi, vumbi ndilo adui: ukisugua kabla ya kulipeperusha, chembe zake zinauparura utando. Lipulize kwanza, zima kifaa, kisha lowesha kitambaa laini kwa spiriti ya asilimia 70, usiimwage kwenye kioo. Apple, waliokuwa wakikataza dawa kali, waliruhusu vitambaa vya kiwango hicho Machi 2020. Jiki usiiguse.

Kujua kama utando bado upo, dondosha tone moja la maji. Likitandaa, utando umekwisha; bandika protekta (kinga ya kioo) mpya, kioo chenyewe kiache.