Siri ya yai la nzi: Ujumbe wa mama ukipotea njia, kichwa hakiumbiki

NZI wa matunda, yule mdudu mdogo anayezungukazunguka ndizi zilizoiva jikoni, hutaga yai lenye urefu wa takriban nusu milimita tu.

Penye joto la nyuzijoto 25, yai hilo huangua funza baada ya muda wa siku moja hivi. Kufikia hapo, upande mmoja umekwisha kuwa kichwa na upande wa pili mkia. Je, yai hujuaje kichwa kiwe wapi?

Jibu ni kwamba mama huamua mapema, yai lingali tumboni mwake. Huliachia maagizo, na kila agizo huwekwa mahali pake.

Maagizo hayo hubebwa na molekuli iitwayo RNA tarishi. Jeni, yaani chembe ya urithi, hukaa ndani ya kiini cha seli. RNA tarishi ni nakala ya ujumbe wa jeni, ambayo hutoka nje ya kiini na kutumiwa kuunda protini. Protini ndizo zinazotenda kazi.

Yai changa la nzi halijitengenezei mahitaji yake yote. Seli moja hugawanyika mara nne na kuzaa seli 16 zilizounganishwa kwa vipenyo vidogo. Moja huwa yai. Nyingine 15 huwa mithili ya yaya: hutengeneza RNA na vyakula, kisha huvimimina ndani ya yai kupitia vipenyo hivyo.

Ndani ya yai mna mirija myembamba mno inayotumika kama barabara. RNA ya jeni iitwayo bicoid huzuiliwa kwenye ncha ya mbele. Ile ya jeni iitwayo oskar hubebwa na protini ya uchukuzi, kinesini, hadi ncha ya nyuma.

Yai linapotagwa, RNA ya bicoid huanza kutoa protini inayosambaa kuelekea nyuma huku ikipungua. Ni kama harufu ya chakula, ambayo huzidi kadiri mtu anavyolikaribia jiko. Palipo na protini nyingi huumbika kichwa, na ilipopungua kiasi huumbika kifua. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1988 na Wolfgang Driever na Christiane Nüsslein-Volhard nchini Ujerumani.

Mama akikosa jeni hiyo, mwanawe hukosa kichwa na kifua, na mahali pake huota viungo vya mkiani. Mama akikosa oskar, mwana hukosa tumbo pamoja na seli ambazo zingekuja kuwa mayai au mbegu za kiume.

Lakini je, ni ujumbe wenyewe unaoamua, au ni mahali unapofikishwa? Mwaka 1992, Anne Ephrussi na Ruth Lehmann waliielekeza RNA ya oskar kwenye ncha ya mbele. Kichwa hakikuumbika. Badala yake lilitokea tumbo la pili, pamoja na seli za uzazi pale mbele. Ujumbe ulikuwa ule ule; anwani ndiyo iliyobadilika.

Aidha, ujumbe haupaswi kusomwa ukiwa bado njiani. Protini iitwayo Bruno hujishikiza kwenye RNA ya oskar na kuinyamazisha hadi ifike. Hali kadhalika, ni takriban asilimia 4 tu ya RNA ya jeni nyingine, nanos, inayokusanyika kwenye ncha ya nyuma. Iliyosalia imetapakaa yaini, na protini iitwayo Smaug huizuia isitumike, kisha huozeshwa.

Msingi wa uchunguzi huu uliwekwa na Nüsslein-Volhard na mwenzake Eric Wieschaus, walioanza huko Heidelberg mwishoni mwa miaka ya 1970 kusaka jeni zinazotawala ukuaji wa kiinitete cha nzi. Mwaka 1995 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Mmarekani Edward Lewis.

Huenda msomaji akauliza nzi anamhusu nini. Ni kweli kwamba binadamu hana jeni ya bicoid. Hata hivyo, mbinu ya kusafirisha RNA na kuinyamazisha njiani imo pia katika mwili wake, hasa katika seli za neva, ambazo baadhi zina mkia wenye urefu wa takriban mita moja.

Seli za ubongo huwa na protini iitwayo FMRP, inayodhibiti wakati wa kusomwa kwa RNA kadhaa. Mtoto anayeikosa hupata maradhi ya kurithi yaitwayo Fragile X, ambayo huathiri uwezo wake wa kujifunza. Nzi naye ana jeni inayofanana na hiyo, na ndiyo sababu wanaotafuta tiba ya maradhi hayo wangali wanamchunguza.