Kwa Nini Ramani ya Simu Humpeleka Mwendesha Baiskeli Topeni

Jioni moja ya mwezi wa Novemba, nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari wa falsafa nchini Uingereza, mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa tukirudi mjini kwa baiskeli kutoka vilima vya chaki vya kusini mwa nchi hiyo. Baiskeli zetu zilikuwa za mbio, nyepesi, zenye matairi membamba ya milimita 25 yaliyokusudiwa barabara ya lami. Giza lilikuwa likiingia, nasi tukaamua kufuata maelekezo ya programu ya simu iliyotengenezwa kwa ajili ya waendesha baiskeli.

Programu ilitutoa katika barabara kuu, ikatuingiza katika njia ya mashambani. Mita mia chache za kwanza zilikuwa na lami. Ikafuata changarawe, kisha udongo mweupe uliolowa, wenye utelezi kama sabuni na vipande vya gumegume vyenye makali. Hatukugeuka, kwa sababu kila tulipoitazama simu ilituthibitishia kwamba tumo njiani. Hatimaye gurudumu la mwenzangu lilizama katika mfuo uliochimbwa na matrekta, akaanguka na kuvunjika mfupa wa mtulinga. Tulitembea kilomita nne gizani kabla ya kufika kwenye nyumba ya mkulima. Mzee yule alituambia kwamba kila mtu kijijini pale alijua kuwa njia ile haipitiki kwa baiskeli tangu mvua za Oktoba zianze.

Jambo lililonishangaza baadaye ni kwamba kifaa chetu hakikukosea hata kidogo kuhusu mahali tulipokuwa. Kosa lilitoka wapi, basi? Ili kujibu, yafaa tutenganishe maswali matatu ambayo mtumiaji huyachanganya kuwa moja: Niko wapi? Nipite wapi? Na njia yenyewe ikoje?

Niko wapi?

Swali la kwanza hujibiwa na setilaiti. Mfumo wa Marekani uitwao GPS, ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, hutumia setilaiti zinazoizunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila setilaiti ina saa za atomi, na hutangaza bila kukoma wakati wake na mahali ilipo. Mawimbi ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo huchukua takriban sehemu saba za mia za sekunde kutufikia. Kipokezi hupima muda huo na kuugeuza kuwa umbali. Kwa kuwa saa ya kipokezi si sahihi kama zile za angani, zahitajika setilaiti zisizopungua nne: tatu kwa ajili ya mahali, na ya nne kwa ajili ya kusahihisha saa.

Hadi tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi yaliyotumiwa na raia. Leo simu ya kawaida, mahali palipo wazi, huweza kuonyesha ilipo kwa kosa la mita tano hivi. Huo ni ushindi mkubwa wa fizikia. Lakini mawimbi hayo hayachukui habari yoyote juu ya ardhi iliyo chini ya tairi. Kwa kipokezi cha GPS, mtu aliyesimama juu ya lami na mtu aliyezama katika tope ni nambari tu za mahali.

Nipite wapi?

Swali la pili hujibiwa na hesabu. Kompyuta huigeuza ramani kuwa mtandao: kila njia panda ni kifundo, na kila kipande cha njia kati ya vifundo viwili ni kiungo chenye gharama yake. Mwaka 1956 mwanahisabati wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alibuni utaratibu wa kutafuta mapito yenye jumla ndogo kabisa ya gharama katika mtandao wa namna hiyo, akauchapisha mwaka 1959. Programu nyingi za kuongoza wasafiri hutumia utaratibu huo au jamaa zake walioharakishwa.

Tuchukue mfano. Kati ya vijiji viwili kuna barabara ya lami ya kilomita 9 na njia ya shamba ya kilomita 6. Mtunga programu, akitaka kumwepusha mwendesha baiskeli na magari, anazidisha kila kilomita ya barabara kwa 1.5, na kila kilomita ya njia ya shamba kwa 1. Gharama ya barabara ni 13.5, na ya njia ya shamba ni 6. Programu itachagua njia ya shamba bila kusita. Sasa tuseme inajulikana kwamba njia hiyo ni ya tope, na kila kilomita yake inazidishwa kwa 3. Gharama yake inapanda kuwa 18, na barabara ya lami inashinda. Hesabu ni ile ile. Kilichobadilika ni habari tuliyoipa.

Njia ikoje?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Programu nyingi za baiskeli hutegemea OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea. Mchoraji huweza kuandika aina ya njia, na kando yake kueleza uso wake: lami, changarawe, mchanga au udongo. Lakini si lazima aeleze. Mtu anayechora kwa kufuata picha iliyopigwa kutoka angani huuona mstari wa njia waziwazi, wala hana hakika kama ni changarawe ngumu au udongo. Hivyo nafasi ya uso wa njia mara nyingi huachwa tupu.

Kompyuta haiwezi kuzidisha kwa utupu. Ni lazima ipewe nambari. Mtunga programu hukisia, na kisio hilo likishaingia katika hesabu, hutoka upande wa pili likiwa na sura ile ile ya uhakika kama kipimo. Mstari wa buluu hauna rangi tofauti kwa mambo yanayojulikana na mambo yaliyokisiwa.

Sheria nayo huongeza utata. Katika Uingereza na Wales, Sheria ya Mashambani ya mwaka 1968 iliwaruhusu waendesha baiskeli kutumia njia za farasi. Lakini sheria hiyo hiyo haikumlazimisha mtu yeyote kuzitengeneza ziwafae. Katika ramani, njia hizo huonekana zimeruhusiwa kwa baiskeli, na ni kweli. Ila ruhusa ni habari ya sheria. Kupitika ni habari ya udongo.

Tairi na kanieneo

Neno "baiskeli" nalo linaficha tofauti kubwa. Tuseme gurudumu la nyuma limebeba nguvu ya nyutoni 500, na tairi la baiskeli ya mbio limejazwa upepo kwa kanieneo la paskali 700,000. Tukigawanya nguvu kwa kanieneo, tunapata eneo la sentimita mraba 7 hivi linalogusa ardhi. Tairi pana lenye paskali 300,000 litagusa karibu sentimita mraba 17. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwani imeacha ugumu wa tairi lenyewe; hata hivyo yaeleza kwa nini tairi jembamba huzama mahali ambapo baiskeli ya kawaida ya mizigo hupita. Programu zilizo bora humwuliza mtumiaji aina ya baiskeli yake. Swali hilo ni jema, lakini jibu lake halisaidii kitu pale ambapo ramani haijui uso wa njia.

Funzo kwa shule zetu

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la nchi za mbali tu. Ramani hiyo hiyo inaendelea kujazwa nchini kwetu. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam kuchora ramani za mitaa inayokumbwa na mafuriko. Kazi hiyo ilionyesha kwamba maarifa ya mwenyeji yaweza kuwa kipimo cha kisayansi, mradi yaandikwe kwa utaratibu.

Mwalimu wa jiografia au fizikia aweza kuanza karibu na lango la shule. Wanafunzi wachague njia tatu za miguu, wapime upana na mwinuko wake, waandike uso wake kila mita mia, na kutia tarehe. Kisha warudie kazi hiyo hiyo wakati wa masika. Wataona kwamba swali "njia ikoje?" halina jibu moja la mwaka mzima, na kwamba nafasi tupu katika jedwali haimaanishi "hakuna tatizo" bali "hapajapimwa".

Nasi tunaosafiri tuichunguze njia yote kabla ya kuondoka, hasa pale inapoiacha barabara kuu; na lami ikiisha chini ya matairi, tuyaamini macho yetu kuliko mstari. Kuuliza si ujinga. Mkulima yule angetujibu kwa sentensi moja, lau tungalimpitia kabla ya kuingia njiani badala ya baadaye, mwenzangu akiwa ameushika mkono wake kifuani.